Protoni Iliyonusurika

Jambo ambalo picha za LHC hazionyeshi ni kwamba protoni mbili zikigongana, mara nyingi sana hakuna kinachovunjika. LHC ndicho kigonganishi cha chembe kikubwa kuliko vyote, bomba la duara lenye mzingo wa kilomita 27 lililofukiwa mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kwa vipimo vya kundi la TOTEM, katika kila migongano 100 inayotokea mle kwa nishati ya teraelektronivolti (TeV) 13, karibu 28 huisha protoni zote mbili zikiwa nzima kabisa. Zimesukumana, zimechepuka kwa pembe ndogo mno, zimeendelea na safari. Ukijumlisha na migongano ambayo protoni moja hutoka salama huku ya pili ikipasuka, unavuka theluthi ya yote yanayotokea.

Vigunduzi vikubwa havizioni protoni hizo. ATLAS ina urefu wa mita 46 na kimo cha mita 25, na kila pembe yake imejazwa vifaa isipokuwa mahali pamoja: katikati, pale ambapo bomba la mkondo wa protoni lazima lipite. Protoni iliyoguswa kidogo hupita humohumo. Pembe yake ya kuchepuka ni makumi kadhaa ya maikroradiani; ikishasafiri zaidi ya mita 200, itakuwa imejitenga na mkondo kwa milimita chache tu. Anayeitaka lazima aifuate huko handakini, mbali na kumbi za ATLAS na kigunduzi kikubwa kingine, CMS, na asogeze kigunduzi chake karibu na mkondo kiasi cha kuwanyima usingizi wanaoilinda mashine.

Nasema, na najua si wote watakubali, kwamba katika tawi hili la fizikia hakuna mbadala wa kuikamata protoni yenyewe. Njia za mkato zipo, zimetumika miaka mingi, na zimetupa mengi mazuri. Lakini kila palipo na ubishi ambao haujaisha, ukichimba vya kutosha utakuta chini yake kuna protoni ambayo hakuna aliyeiona.

Tawi hilo ni la difraksheni, jambo linalofahamika tangu zamani kwenye mwanga. Weka kisahani cheusi mbele ya mwali: mawimbi yatapinda kandokando yake, na kwenye ukuta wa nyuma utaona duara za mwanga na giza zikipokezana. Ukubwa wa kisahani umeandikwa humo; kikiwa kikubwa duara hubanana, kikiwa kidogo huachana. Kwa kanuni za kwantamu protoni nayo ni wimbi, na protoni inayoijia kutoka upande wa pili ndiyo kisahani chake. Hesabu ni ngapi zimechepuka kwa kila pembe, chora grafu, na utapata umbo lilelile: kilele katikati, mteremko mkali, bonde, kisha kijilima. Katika miaka ya 1970, kwenye kigonganishi cha ISR cha CERN, bonde hilo lilikuwa mahali ambapo mraba wa momenta iliyohamishwa unakaribia 1.4, kwa kipimo cha gigaelektronivolti za mraba. Kwenye LHC, kwa nishati ya TeV 7, yaani zaidi ya mara mia moja ya ile ya ISR, bonde limesogea hadi 0.53. Kisahani kimepanuka. Kadiri protoni zinavyokutana kwa nishati kubwa ndivyo kila moja inavyoonekana kubwa zaidi mbele ya nyingine.

Kwa nini inapanuka kwa kiwango hicho hasa? Hapo nadharia inakwama. Tunayo nadharia ya nguvu kali, ile ya kwaki na gluoni, na kwenye migongano ya kishindo inatoa hesabu za kuaminika. Lakini migongano ya kuparazana inatokea kwa umbali ambao nguvu hiyo ni kubwa mno, na mbinu za kukadiria hatua kwa hatua hazifanyi kazi tena. Kwa hiyo wataalamu bado wanazungumza lugha iliyotangulia nadharia yenyewe: lugha ya pomeroni, iliyopewa jina la Isaak Pomeranchuk, mwanafizikia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1966. Pomeroni usiifikirie kama chembe ya kuokota na kupima uzito. Ni kile kinachopita kati ya protoni mbili bila kubeba chaji ya umeme wala chaji ya rangi. Kwa maelezo ya leo, ni gluoni mbili kwa uchache, rangi zao zimefutana. Kwa kuwa hakuna rangi iliyohama, protoni haina sababu ya kupasuka. Inakuwa kama mabasi mawili yaliyopishana kwenye njia nyembamba yakagusana vioo vya pembeni: tukio limetokea, na kila basi limefika lilikokuwa linakwenda.

Alama ya pili ya pomeroni ni nafasi tupu. Mgongano wa kawaida hutapanya chembe kila upande, kuanzia katikati hadi karibu kabisa na bomba. Pomeroni ikihusika, kati ya protoni iliyosalimika na vile vilivyozalishwa panabaki sehemu ambayo hakuna chembe hata moja. Nafasi hiyo kigunduzi kikubwa kinaiona bila shida, maana kutokuona kitu pia ni kipimo, na hiyo ndiyo njia ya mkato niliyoitaja.

Ilipata umaarufu wake Hamburg. Huko, kwenye maabara ya DESY, kuanzia mwaka 1992 hadi 2007, kigonganishi cha HERA kilitupa elektroni kwenye protoni ndani ya handaki la kilomita 6.3. Elektroni ikiipiga protoni kwa nguvu ya kuona kwaki zilizomo ndani, protoni inatarajiwa kusambaratika. Mwaka 1993 watu wa jaribio la ZEUS, na baada yao wenzao wa H1, wakaripoti kwamba karibu mara moja katika kila kumi upande wa protoni ulikuwa kimya. Kitu kimepigwa kwa nguvu ya kukivunja, nacho kimejiondokea. Wengi hawakulitarajia hilo, na miaka iliyofuata ikamwaga makala mamia kuhusu yaliyomo ndani ya pomeroni: gluoni kwa wingi, kwaki kiasi.

Kasoro ni kwamba ukimya hauthibitishi kunusurika. Protoni inaweza kupasuka kidogo, ikawa kishada cha chembe chenye masi ndogo, na kishada hicho kikatokomea chote ndani ya bomba. Kwa kigunduzi kikubwa tukio hilo na lile la protoni nzima ni kitu kimoja. Wachambuzi walilazimika kuondoa kishada hicho kwa makadirio ya kompyuta, na hakikuwa kidogo. Zaidi ya hapo, nafasi tupu haikuambii protoni imechepuka kwa pembe gani, na bila pembe hujui umbo la kisahani. ZEUS na H1 walijenga pia vituo vya kunasa protoni handakini. Kimoja cha H1 kilikuwa mita 220 kutoka mahali pa mgongano. Data yake ni chache ukilinganisha na ile ya nafasi tupu, na ndiyo ninayoiamini zaidi.

Kilichotokea Marekani kiliongeza uzito wa hoja. Kwenye Tevatron ya Fermilab, karibu na Chicago, protoni iligonganishwa na antiprotoni. Kundi la CDF liliinasa antiprotoni iliyosalimika na kuhesabu ni mara ngapi iliambatana na jeti mbili za chembe zenye nishati kubwa. Kwa kutumia yale yaliyopimwa HERA kuhusu pomeroni, walijua idadi ya kutarajia. Walipata pungufu kwa karibu mara kumi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba protoni na antiprotoni ni mifuko ya kwaki na gluoni. Wakati pomeroni inafanya kazi yake mahali pamoja, kwaki nyingine zinagusana mahali pengine, zinaijaza nafasi tupu na kuivunja chembe iliyokuwa inusurike. Uwezekano wa kunusurika, basi, ni idadi ya kupimwa, na inabadilika na nishati. Hakuna anayeweza kuiandika kutoka kichwani kwa kutumia nadharia peke yake.

Sasa twende handakini. Kifaa kinachotumika kinaitwa chungu cha Kirumi, kwa heshima ya kundi la watafiti kutoka Roma waliokitengeneza kwa ajili ya ISR mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni kasha la chuma lenye umbo la mtungi, mdomo wazi upande wa nje, kitako kikielekea mkondo, limeunganishwa na bomba kwa mvukuto wa chuma unaoliruhusu kusogea mbele na nyuma bila hewa kuingia. Kigunduzi hukaa ndani ya chungu. Mkondo hupita upande wa pili wa kitako, kwenye ombwe.

Kila kitu hapo kinapigania sehemu za milimita. Kitako cha chungu cha TOTEM kimechongwa hadi unene wa milimita 0.15, kwa sababu chuma kinene kingeitawanya protoni kabla haijapimwa, na kingeongeza umbali usiohitajika kati ya mkondo na kigunduzi. Kisha kuna silikoni yenyewe. Kipande cha kawaida cha silikoni kina ukingo mfu wa nusu milimita au zaidi, usioona chochote, kwa sababu umeme huvuja mahali kilipokatwa. Kwa kazi nyingine ukingo huo hauna madhara. Hapa protoni unazozitaka zinapita palepale kwenye ukingo. TOTEM walibuni namna ya kuuelekeza umeme unaovuja, wakaubana ukingo mfu hadi maikromita 50 hivi. Ukiniuliza ni ubunifu gani uliowezesha sura nzima ya difraksheni kwenye LHC, nitataja huo kabla ya kutaja mlinganyo wowote.

Mkondo unapoingizwa kwenye mashine huwa mpana na haujatulia, na vyungu hukaa nyuma, milimita 40 hivi. Ukishatulia ndipo mota za hatua huvisogeza, taratibu, hadi milimita 1.5 au 2 kutoka katikati ya mkondo. Kwa usanifu wa LHC mkondo mmoja uliojaa hubeba megajouli 362, nishati ya kuyeyusha karibu nusu tani ya shaba. Ndiyo maana kila kituo cha vyungu kimeunganishwa na mfumo wa dharura unaoutupa mkondo nje ya mashine ikiwa chungu kitakuwa mahali kisipotakiwa.

Na utajuaje kilipo chungu, kwa usahihi wa maikromita, ndani ya handaki lisiloingilika? Unaugusa mkondo. Hufanyika siku maalumu, kwa mkondo hafifu. Kwanza taya za shaba na kaboni zinazosafisha mkondo zinaunyoa pembeni hadi uwe na ukingo mkali. Kisha chungu kinasogezwa maikromita kumi baada ya kumi, huku macho yote yakiwa kwenye vihisi vya mnururisho vilivyo nyuma yake. Vihisi vinaporuka ghafla, kitako kimeufikia ukingo. Unaandika namba, unarudi nyuma, unakwenda kwenye chungu kinachofuata. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na kosa la maikromita makumi machache huchafua kila kipimo kitakachofuata.

Kuna jambo la sumaku pia, ambalo kwangu ndilo lenye uzuri kuliko yote. Sumaku za LHC ziliwekwa kwa ajili ya kuuongoza mkondo, na hakuna aliyezinunulia kazi ya kupima. Lakini protoni iliyopoteza, tuseme, asilimia 5 ya nishati yake hupinda zaidi ya wenzake, na ikifika kwenye chungu itakuwa imehamia kando kwa milimita kadhaa. Mahali ilipoangukia panasema imepoteza kiasi gani. Mita 200 za mashine ya kuharakisha chembe zimegeuka kuwa mizani.

Kwa migongano minyumbufu, ile ya protoni mbili nzima na hakuna kingine, mpangilio unabadilishwa kabisa. Kwa kawaida mikondo hubanwa iwe myembamba kupindukia pale inapokutana, ili migongano iwe mingi. Kuibana hivyo kunaitapanya pembe ya protoni, na pembe ndiyo tunayotaka kuipima. Basi siku chache kwa mwaka, au baada ya miaka, LHC huendeshwa kinyume: mikondo inaachwa mipana, protoni zikisafiri karibu sambamba kabisa, na mafungu ya protoni yanakuwa machache. Kwa waliowekeza kwenye bosoni ya Higgs siku hizo ni hasara tupu, na hugombewa kama maji ya zamu. Sishangai kwamba kwenye ratiba huwa za kwanza kufupishwa mashine ikichelewa.

Lakini siku hizo ndizo zinazotupa idadi ya msingi kuliko zote: eneo jumla la mgongano, yaani ukubwa wa shabaha ambayo protoni moja inaionyesha nyingine. Kanuni ya kwantamu inaunganisha mambo mawili ambayo mtu asingedhani yanahusiana. Ukijua migongano minyumbufu ilivyo kwenye pembe inayokaribia sifuri, unajua jumla ya migongano ya kila aina. Mwaka 1973, kwenye ISR, vyungu vya Kirumi vilishiriki kuonyesha kwamba jumla hiyo inapanda nishati inapopanda, wakati wengi waliamini ingetulia. Haijaacha kupanda hadi leo. Kutoka takriban milibani 40 za enzi hizo tumefika zaidi ya 100.

Zaidi ya 100 kwa kiasi gani? Hapo makundi mawili hayajapatana. Kwa TeV 13, TOTEM wanasema milibani 110.6, kosa likiwa 3.4. ATLAS, kwa vyungu vyao vya ALFA vilivyo karibu mita 240 kutoka mahali pa mgongano, wanasema 104.7, kosa 1.1. Kwa TeV 7 ilikuwa 98.6 dhidi ya 95.35. Ukipima tofauti kwa makosa yaliyotangazwa, haitishi. Kinachonikera ni kwamba kila mara inaelekea upande uleule. Tevatron nayo ilituachia mzozo wa namna hiyo: CDF walipata 80.03, jaribio la E710 likapata 72.8, mashine ikazimwa Septemba 2011 bila mshindi.

Tofauti inatoka kwenye mizani ya kuhesabia. ATLAS wanategemea kipimo huru cha wingi wa migongano ambayo mashine inatoa. TOTEM katika njia yao kuu wanahesabu migongano minyumbufu na ile ya kuvunjika kwa pamoja, na uwiano wake unawafikisha kwenye jumla bila kuhitaji kipimo hicho. Njia ya TOTEM ni ya kijanja, na naipenda, lakini inadai uhesabu migongano yote ya kuvunjika, ikiwamo ile ya kishada chenye masi ndogo kinachotokomea bombani. Tumerudi Hamburg. TOTEM walilijua hilo, wakapima upya kwa njia ya pili: walikaribia mkondo hadi pembe ndogo kiasi kwamba msukumano wa chaji za umeme, ambao hesabu zake zinajulikana barabara, ndio unaotawala. Wakapata 110.3. Hilo limenisogeza upande wao kidogo. Halijanihamisha.

Mzozo huo haukupata vichwa vya habari kama oderoni. Mwaka 1973 Leszek Łukaszuk na Basarab Nicolescu walipendekeza kwamba pomeroni ina ndugu anayefanana naye katika yote isipokuwa jambo moja: anaitofautisha protoni na antiprotoni. Kwa lugha ya gluoni, ndugu huyo anaundwa na idadi isiyo shufwa, kuanzia tatu. Kama yupo, grafu ya protoni kwa protoni na ile ya protoni kwa antiprotoni hazitalingana kule kwenye bonde. ISR, kabla ya kufungwa mwaka 1984, ilizilinganisha na kuona dalili, ila kwa nishati hiyo chembe nyingine nzito zinaweza kuleta tofauti hiyohiyo.

Miaka mingi baadaye kundi la D0 la Tevatron, lililokuwa na vyungu vyake na data ya antiprotoni kwa TeV 1.96, liliungana na TOTEM, waliokuwa na data ya protoni kwa TeV 2.76, 7, 8 na 13. Waliufuata mwendo wa bonde na kijilima kutoka nishati moja hadi nyingine, wakaurefusha kuteremka hadi 1.96, wakalinganisha. Kwa protoni bonde ni la wazi. Kwa antiprotoni limejaa, karibu limesawazika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: tofauti ya sigma 3.4 peke yake, na zaidi ya 5 ikiunganishwa na vipimo vingine vya TOTEM vya pembe ndogo kabisa.

Mimi naikubali oderoni, ila jina lake nimeliandika kwa penseli. Nadharia ya nguvu kali inaidai. Ingekuwa ajabu isiwepo. Lakini namba ya kulinganishia kwa TeV 1.96 hakuna mashine iliyoipima. Ilitokana na kurefusha grafu, na LHC haina antiprotoni za kuturudisha kwenye kipimo cha moja kwa moja. Kinachonitia moyo ni kwamba ALFA, wanaobishana na TOTEM kuhusu jumla, wamekubaliana nao kwenye kipimo kimoja muhimu cha pembe ndogo, uwiano unaoitwa ro: takriban 0.10 kwa wote wawili, chini ya 0.13 na zaidi ambayo mifano mingi isiyo na oderoni ilitabiri.

Hayo yote ni ya siku maalumu. Swali la miaka kumi hivi iliyopita limekuwa kama protoni zinaweza kunaswa katika siku za kawaida, mikondo ikiwa imebanwa na mashine imejaa. Njia ya nafasi tupu huko imekufa kabisa. Mafungu ya protoni hukutana kila nanosekunde 25, na mwaka 2018 kila mkutano ulikuwa na wastani wa migongano zaidi ya 30 kwa wakati mmoja. Nafasi yoyote inayoachwa wazi na mgongano mmoja hujazwa na mwingine. Anayetaka difraksheni katika mazingira hayo hana ujanja isipokuwa kuikamata protoni.

CMS na TOTEM walianza hivyo mwaka 2016 kwa vyungu vya mita 210 hadi 220. ATLAS wakafuata nyayo hizo kwa mradi wao wa AFP. Tatizo linalobaki ni la nasaba: protoni hii imetoka kwenye mgongano upi kati ya hiyo 30? Jibu ni saa. Protoni mbili zilizotoka mahali pamoja kwenda pande tofauti zina tofauti ya muda wa kufika inayotegemea mahali zilipozaliwa. Pikosekunde 20 za tofauti ni milimita 3 za mahali. Vigunduzi vya almasi na vya aina mpya za silikoni vimejengwa kwa ajili hiyo, na bado havijafika kwenye usahihi ambao kila mtu angeutaka. Mnururisho unavikoboa. Protoni zinaangukia sehemu moja ndogo siku zote, kwa hiyo vipande hivyo husogezwa nusu milimita juu au chini wakati mashine imesimama, ili kidonda kisirundikane mahali pamoja tu.

Matunda ya kwanza yalitoka mwaka 2018: matukio 20, muoni mbili mara 12 na elektroni na positroni mara 8, kila moja likiambatana na protoni ambayo nishati iliyoipoteza inalingana na masi ya jozi hiyo. Bahati peke yake ingetoa chini ya 4. Hapo protoni hazikupeana pomeroni. Zilitoleana fotoni, na fotoni hizo zikagongana. LHC ilikuwa imefanya kazi ya kigonganishi cha mwanga kwa mwanga, na risiti ilikuwa protoni.

Hesabu inayoongoza kazi hiyo ni fupi. Zidisha sehemu ya nishati iliyopotea upande mmoja kwa iliyopotea upande wa pili, chukua kipeuo cha pili, zidisha kwa nishati ya mgongano: umepata masi ya kilichozaliwa katikati, hata kama hukukiona chenyewe. Kila protoni ikipoteza asilimia 3 kwa TeV 13, kilichozaliwa kina masi ya gigaelektronivolti 390. Na hapo ndipo penye jeraha la zamani. Bosoni ya Higgs ina 125. Ili izaliwe hivyo, kila protoni inapaswa kupoteza chini kidogo ya asilimia 1, na protoni ya namna hiyo, ikifika mita 220, bado imejificha ndani ya mkondo. Vyungu vilivyopo huanza kuona kwenye asilimia 2 na ushei. Inajitenga vizuri ikifika mita 420.

Kundi lililoitwa FP420 lilipendekeza vituo hivyo miaka kabla ya Higgs kugunduliwa, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 2009. Havikujengwa. Mita 420 ni ndani ya sehemu baridi, ambako sumaku hukaa kwenye kelvini 1.9 bila kukatika, na kuweka chungu hapo ni kuukata mfumo wa ubaridi na kuutengenezea njia ya kupita. Gharama ilikuwepo, na idadi ya matukio ilitegemea uwezekano wa kunusurika ambao Fermilab ilishatufundisha kuuogopa. Nafahamu kwa nini waliokuwa na fedha walisita. Hata hivyo Higgs iliyozaliwa peke yake kati ya protoni mbili nzima ingetuambia sifa zake za kwantamu kwa njia ambayo hakuna jeti inayoweza kuchafua. CMS wamelirudisha wazo la 420 kwenye mapendekezo yao ya mashine iliyoboreshwa ya miaka ya 2030, pamoja na vituo vya karibu zaidi ambavyo ni rahisi kujenga, na nadhani hivyo vya karibu ndivyo vitakavyopewa nafasi kwanza.

Tofauti kubwa iko Brookhaven, New York, kwenye kigonganishi kipya cha elektroni na ioni. Huko sehemu za kunasa protoni zimechorwa pamoja na sumaku tangu ramani za mwanzo, badala ya kutafutiwa upenyo baada ya mashine kukamilika. Kazi yake kuu itakuwa ile ambayo HERA iliianza kwa data chache: elektroni inaipiga protoni, protoni inatoka nzima, pembe yake inapimwa, na kutokana na mtawanyiko wa pembe hizo inachorwa ramani ya mahali gluoni zinapokaa ndani yake.